Sura ya Saba: Godoro Lililobaki Chini

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema hivyo wakiwa sokoni, mbele ya bidhaa inayoshikika. Embe unaliminya, samaki unamfunua mashavu uone wekundu, kitenge unakikunjua juani. Gemu ya chemsha bongo haina pa kuminya. Utamu wake uko dakika ya kumi, pale mchezaji aliyekwama anapotulia, anacheka peke yake na kusema "kumbe!" Kabla ya dakika hiyo duka la kwenye simu linamwonyesha kijipicha kimoja chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimebanwa katikati ya vingine ishirini, na yeye anapitisha kidole tu. Hapo kizuri chako hakijiuzi. Kimekaa gizani kinasubiri.

Sura hii ni ya ukucha huo.

Mnaofuatana nami tangu mwanzo mnaijua gemu yetu ya mazoezi. Niliibuni nikiwa mpangaji Kipawa, kata ya Ilala iliyoshikana na uzio wa Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, mahali ambapo ndege ikishuka mazungumzo husimama kwanza, ipite, ndipo sentensi imaliziwe. Kipawa watu wanajua kuhama. Wapo waliohamishwa kupisha upanuzi wa uwanja, na tupo sisi wengine ambao kodi ya miezi sita ikiisha na dalali akianza kupiga simu, tunatafuta kirikuu. Asiyeijua kirikuu ni yule asiyewahi kuhama Dar es Salaam: kigari kidogo cha mizigo, Suzuki Carry na ndugu zake, chenye bodi inayoonekana haiwezi kubeba chochote na jioni inakuwa imebeba nyumba nzima. Gemu yetu ni hiyo. Bodi ya gari inaonekana kutoka juu kama kisanduku chenye vyumba, na vyombo vina maumbo yake. Friji haliruhusiwi kulazwa, mtungi wa gesi haukaliwi na kitu, godoro linakunjwa mara moja tu. Vyote viingie, safari moja, kwa sababu hela ya safari ya pili haipo.

Kava langu la kwanza la gemu hiyo nimelihifadhi hadi leo, kama mtu anavyohifadhi picha ya harusi ya ndoa iliyovunjika. Kuna kirikuu. Kuna vyombo kumi na vinne, kila kimoja kimechorwa kwa upendo. Kuna mama mwenye nyumba ameshika kiuno, dalali yupo kwenye simu, watoto wawili, kuku, ndege inashuka nyuma ya mabati, jua linazama. Juu yake kuna jina lenye vivuli vitatu, na chini yake, kwa herufi za njano, maneno "GEMU BORA YA CHEMSHA BONGO". Kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa zuri. Nililitazama usiku mzima. Asubuhi nikalipunguza mpaka sentimita moja, nikaona uji.

Kosa halikuwa ufundi wa kuchora. Kosa lilikuwa kwamba nilichora habari nzima, wakati mtu aliyepo dukani hajauliza habari yoyote.

Tuanze na tatizo lenyewe. Gemu ya mpira inaonyesha mpira, na ya vita inaonyesha bunduki. Gemu ya mbio za magari inaonyesha gari limeinama kwenye kona, na anayeona anajua mikono yake itafanya nini. Kwenye chemsha bongo kinachotokea ni kufikiri, na kufikiri hakuchoreki. Ukichora mtu ameshika kidevu, umechora mtu anayeumwa jino.

Hata mama wa gemu hizi zote, Tetris, alipata shida hiyo. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60, mashine isiyo na uwezo wa kuchora picha. Vipande vyenyewe vilikuwa alama za mabano zilizopangwa. Kampuni ya Marekani ya Spectrum HoloByte ilipoitoa kwa ajili ya kompyuta za IBM mwaka 1988, iweke nini kwenye boksi? Vipande vinavyoanguka havimwambii kitu ambaye hajavicheza. Wakaja na boksi jekundu, Kanisa la Mtakatifu Basil lenye kuba zake kama vitunguu, na jina lililoandikwa na R iliyogeuzwa nyuma mbele ili lifanane na Kirusi. Waliuza nchi, na fumbo likaingia kwa mlango wa nyuma. Zama zile za vita baridi, kitu kilichotoka Urusi kilikuwa fumbo tosha kwa Mmarekani.

Ujanja huo ulifaa wakati wake, lakini ndio unaotuponza sisi. Kijana wa Dar anatengeneza gemu ya kupanga namba, kisha kwenye kava anaweka mbuyu, twiga, na jua la machungwa. Ukimuuliza twiga anafanya nini kwenye namba, anasema: "Kaka, ili wajue ni ya Afrika." Sawa, wamejua. Wamejua pia kwamba wameshaiona picha hiyo kwenye kikombe, kwenye fulana na kwenye tangazo la safari za Serengeti, na kidole kimepita. Mbuyu ukitaka kuukalisha kwenye kava, uupe kazi ndani ya gemu kwanza.

Nitaje na mfano wa maumivu. Mwaka 2001 Sony ilitoa Ico, gemu ya mafumbo ya kijana na binti wanaotoroka ngome. Msanifu wake, Fumito Ueda, alilichora kava mwenyewe kwa kumfuata mchoraji wa Italia, Giorgio de Chirico: uwanja mpana, jengo lenye matao, vivuli virefu, na watu wawili wadogo wanakimbia wameshikana mikono. Unaliona na hewa inabadilika. Kava hilo lilitumika Japani na Ulaya. Marekani ikapewa jingine: sura kubwa ya kijana mwenye pembe, fimbo mkononi, vitu vimerundikana nyuma yake, kama gemu yoyote ya mapigano ya miaka ile. Mauzo ya Marekani yalikuwa hafifu. Sitasema kava peke yake ndilo lililoiua, kwa sababu gemu hufa kwa magonjwa mengi. Lakini weka makava mawili hayo mezani mbele ya mtu asiyejua lolote, umuulize lipi lina swali ndani yake.

Swali. Hapo ndipo penyewe, na sisi hatukuhitaji kwenda Japani kulitafuta. Bibi aliyekaa mkekani hakuanza na jibu, wala hakuanza kwa kusifia. Alisema "Kitendawili!" akanyamaza. Watoto wakajibu "Tega!" Ndipo akatega. Neno lile la kwanza halina habari yoyote ndani yake, lina mwito tu, na bila "tega" mchezo haupo. Kidole kinachogusa kijipicha chako dukani ndicho "tega" ya leo. Kazi ya kava ni kupata neno hilo moja. Haliwajibiki kueleza kanuni, wala kutaja idadi ya hatua, wala kumtambulisha dalali.

Na angalia jinsi kitendawili chenyewe kinavyosukwa. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kitu kimoja cha kawaida, na kasoro moja ndani yake. Nyumba unaijua, kukosa mlango ndiko kunakokukamata shati. Kava la chemsha bongo linajengwa hivyo hivyo. Chagua kitu kimoja ambacho jicho linakitambua mara moja, kisha kiachie dosari inayouma.

Kwa kirikuu yetu nilichukua wiki tatu kuiona dosari hiyo, na ilikuwa mbele yangu siku zote. Gari limejaa, kamba imefungwa, kila kitu kimekaa. Chini, kwenye vumbi, limebaki godoro.

Hakuna mtu aliyewahi kuhama ambaye godoro hilo halijamtazama.

Kwa kuchora nikaenda kwa mwalimu mwingine, na huyu alikuwa wa hapa hapa. Edward Saidi Tingatinga, aliyetokea Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam, akawa anauza picha zake Oysterbay, nje ya Morogoro Stores. Hakuwa na turubai wala rangi za mafuta za wasanii. Alitumia mbao za dari na rangi ya enameli, ile ya kupaka baiskeli, na vipande vyake vingi vilikuwa vya mraba, futi mbili kwa mbili hivi. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likawa jina la sanaa nzima.

Wengi humsifu Tingatinga kwa rangi. Mimi namsifu kwa mambo mawili mengine. La kwanza, mnyama ni mmoja, naye amejaza mraba. Chui anagusa kingo karibu zote, mkia umekunjwa ili utoshee, na ukifumba jicho nusu bado unaona chui. La pili, nyuma ya mnyama hakuna pori. Hakuna milima, hakuna mto, hakuna jua linalozama. Pana rangi moja iliyotulia, pengine na ua au ndege wa kuziba pengo. Yule bwana alikuwa akimuuzia mtu anayepita na gari au anayetoka dukani na mfuko mkononi. Alikuwa na sekunde mbili. Alichora kwa ajili ya sekunde mbili.

Picha zilizokuja baadaye chini ya jina lake, zile za kijiji kizima, zahanati, shule, mganga, basi na watu hamsini, ni nzuri pia na mimi ninayo moja ukutani. Lakini hizo ni za mtu aliyekwishasimama. Kwenye duka la simu hakuna aliyesimama bado.

Pana wanaonipinga kwa mfano wa sidii za filamu. Wananiambia: mbona makava ya filamu za Bongo yalijaa vichwa vya waigizaji, Kanumba hapa, Ray pale, bunduki, gari, binti analia, na Kariakoo yalikuwa yanakwisha? Kweli yalikuwa yanakwisha. Mnunuzi wa sidii alikuwa anamnunua Kanumba. Sura ilikuwa ndiyo bidhaa, na nyongeza za pembeni zilikuwa orodha ya ahadi. Gemu yako haina Kanumba. Siku godoro lako likiwa maarufu kama marehemu yule, lirundikie vichwa unavyotaka.

Sasa jina.

Mwanzoni gemu iliitwa Pakia. Fupi, kitenzi, na ndicho anachofanya mchezaji. Nilijipongeza. Kisha nikamwonyesha jirani yangu, fundi simu, ikoni yenye kigari na neno PAKIA. Akaitazama akasema: "Hii ya kurushia mafaili?" Nilichoka. Lugha yetu imelipa neno hilo kazi mpya: kwenye simu tunapakua na tunapakia, na mtu aliyeliona dukani kati ya programu nyingine alilisoma kwa Kiswahili cha simu, si cha bandari. Hakuna mtu wa nje ambaye angenionya juu ya hilo. Vitabu vya ushauri wa kava vyote nilivyosoma viliandikwa na watu wanaofikiri kwa Kiingereza, na havijui kwamba neno moja la kwetu linaweza kuwa na kazi mbili mchana mmoja.

Basi ikawa Kirikuu. Jina la kitu kinachoonekana kwenye picha, ambalo mtu wa Dar analicheka kabla hajajua kwa nini, na ambalo mtu wa Oslo hatalielewa lakini ataweza kulitamka na kulikumbuka. Konsonanti na irabu zinapokezana, na mwishoni zimekaa u mbili zinazofanana na magurudumu mawili. Mchoraji alizigeuza kuwa magurudumu kweli. Nikamwambia asithubutu kugeuza na i ziwe watu.

Katika majina hakuna mwalimu kama kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyokaa chini ya mji ndani ya kisanduku chake. Jina la kanga haligombani na mji. Lina mahali pake, herufi zake ni kubwa, rangi yake inatengana na inayolizunguka, na linasomeka mama akiwa ng'ambo ya barabara, tena akiwa anatembea. Kwenye kava lako tafuta mahali pa jina kabla hujachora kitu kingine. Tunachora kwanza picha nzima, halafu jina tunalitafutia upenyo kama abiria wa mwisho wa daladala la Gongo la Mboto, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Mfano mzuri kuliko wote niujuao wa jina kuwa ndiyo picha ni Baba Is You, ya Arvi Teikari wa Finland, iliyotoka mwaka 2019. Ndani ya gemu hiyo kanuni zimeandikwa kwa maneno yanayosukumwa kama masanduku. Ukisogeza neno, kanuni inabadilika. Jina lake ni mojawapo ya kanuni hizo, limeandikwa kwenye kava kwa herufi zile zile za ndani. Ukilisoma umeshaanza kucheza. Msomaji wa Kiswahili anapata na kicheko cha ziada, maana baba mwenyewe ni kijinyama cheupe kinachokaribia kuwa sungura.

Nije kwenye vipimo, maana bila vipimo fundi hana kazi, na nitavipita haraka kwa kuwa maduka huvibadilisha. Google Play, ambayo usajili wake ni dola 25 mara moja, inataka ikoni ya pikseli 512 kwa 512, na picha ya mapana ya 1024 kwa 500. Pembe za ikoni huzikata wenyewe kwa duara. Ukizikata na wewe, zinakatwa mara mbili na kuacha makovu. Ukiweka video, kitufe cha kuichezesha kinakaa katikati ya ile picha ya mapana, kwa hiyo godoro lisikae hapo. Itch.io hailipishi kupandisha gemu, na kava lake ni 630 kwa 500; mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu asiye na mtaji. Steam, duka la gemu za kompyuta, inatoza dola 100 kwa kila gemu na inataka kapsuli, yaani picha za kava, za maumbo mengi: ya mapana ambayo kwa miaka ilikuwa 460 kwa 215, ndogo kabisa ya 231 kwa 87, na ya kusimama ya maktaba, 600 kwa 900. Siku hizi wanapokea zile za dukani kwa ukubwa wa mara mbili ili zing'ae kwenye vioo vipya, lakini macho ya mteja bado yanaziona ndogo vilevile.

Kosa la kawaida hapa ni kuchora moja na kuikatakata. Fundi cherehani hachukui shati akalivuta liwe gauni. Anarudi kwenye kitambaa. Kwenye ile ya mapana ya Steam, kirikuu yetu imekaa kushoto na jina kulia, godoro kati yao. Kwenye ya kusimama tumeigeuza, tunaiona kwa nyuma, vyombo vimepanda juu kama mnara na godoro limeegemea bampa. Kwenye ile ndogo ya 231 kwa 87 gari limeondoka kabisa: limebaki jina na pembe ya godoro lenye maua ya bluu. Hiyo iliniuma kuikubali. Na kwenye ikoni ya simu ni kinyume, jina limetoka, kwa sababu duka lenyewe linaliandika pembeni. Wengi bado wanaling'ang'aniza ndani ya ukucha, likawa mdudu.

Maneno ya kujisifu yaondoe. Zaidi ya kwamba hayasomeki, yamekatazwa: tangu Septemba 2022 Steam hairuhusu kwenye kapsuli maandishi mengine zaidi ya jina la gemu, iwe tuzo, iwe nyota za wakosoaji, iwe punguzo la bei, na Google nayo inakataa ikoni zenye "namba moja" na "bure". Lile tangazo langu la "gemu bora" lingerudishwa mlangoni. Tena nani alisema ni bora? Mimi.

Rangi nina jambo moja tu la kusema juu yake. Usichague rangi unayoipenda, chagua ambayo majirani hawana. Piga picha ya kioo cha duka, sehemu ya chemsha bongo, uibandike ya kwako katikati yao. Nilipofanya hivyo niliona zambarau na bluu ya pipi kila upande, kwa hiyo tukaenda kwenye njano ya vumbi la Kipawa mwezi wa Septemba. Vibanda vya wakala wa pesa vinatufundisha jambo hilohilo barabarani: Vodacom nyekundu, Airtel nyekundu, na mgeni anasimama kati ya viwili asijue aingie kipi. Kisha igeuze picha yako iwe nyeusi na nyeupe. Kama godoro limepotea, rangi ilikuwa inaficha udhaifu wa mchoro.

Kuhusu kulipa. Kama huwezi kuchora, kava ndilo la kwanza kulipiwa, kabla ya muziki, kabla ya video. Watu wapo, Krita na Inkscape ni programu za bure, VETA ina kituo chake cha TEHAMA hapo hapo Kipawa, na wachoraji wa mabango hawajaisha mjini. Mkubaliane kwa maandishi picha ni ya nani, na akupe faili lenye matabaka yake, sio picha iliyogandishwa, ili kesho godoro liweze kusogezwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Picha za kutengenezwa na akili mnemba sikushauri kwa kazi hii. Steam tangu Januari 2024 inakutaka useme wazi ukizitumia, lakini sababu yangu ni nyingine: niliiomba mashine moja kirikuu iliyojaa vyombo, ikanipa lori safi la Ulaya limebeba masanduku ya karatasi yenye ukubwa sawa. Hakuna aliyewahi kuhama Kipawa na masanduku.

Limebaki kujaribu, na hapa ndipo heshima yetu inatuumiza. Mwonyeshe mtu wa Dar kazi yako umuulize "vipi, nzuri?" atasema nzuri. Atasema nzuri sana, kaka, hongera, Mungu akubariki. Hawezi kukuvunja moyo usoni mwako. Nilizunguka mtaa mzima na lile kava la kwanza nikakusanya hongera arobaini, nikarudi nyumbani mpumbavu yule yule.

Usiulize kama ni nzuri. Mwonyeshe kwa sekunde moja, ondoa simu, umuulize ameona nini na anadhani anayecheza anafanya nini. Fanya hivyo kituoni saa saba mchana, mwanga wa simu ukiwa robo, kwenye simu ya bei nafuu yenye ufa, kwa sababu ndiyo simu ya mteja wako. Ukishaingia dukani, Google Play inakuruhusu kushindanisha ikoni kadhaa kwa wageni halisi na kukuambia ipi iliwafanya wengi zaidi wapakue gemu. Ni majaribio mazuri, ila gemu isiyo na wageni haina cha kupima. Mtaa unaanza kwanza.

Kava la mwisho nililipeleka kwa mama ntilie ninayekula kwake karibu na kituo cha Kipawa. Alikuwa anapakua wali. Nikamwonyesha, nikaificha simu.

"Shikamoo mama. Umeona nini?"

"Marahaba. Si kirikuu."

"Mtu anafanya nini humo?"

"Anahama." Akaweka maharage, akafikiri. "Lete tena hiyo simu. Hilo godoro mngelisimamisha ubavuni mwa friji, lingeingia."

Nikalipia wali. Ikoni ilipanda dukani jioni ile, pikseli 512 kwa 512, godoro likiwa bado chini.